Kanuni Ipimwe kwa Mnyonge: Barua kwa Binti wa Kaka Yangu

Lushoto,
Juni 2025

Mwanangu mpendwa,

Baridi ya mwezi wa sita imeingia sawasawa, ukungu unakaa hadi saa nne, na malori ya kabichi na viazi yanashuka Mombo kama kawaida.

Barua yako nimeisoma, na rasimu ya maagano mliyoambatanisha nimeisoma pia. Wewe na wenzako, wengi wenu mkiwa mmefahamiana tangu enzi za UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo wa sekondari, mmechoka kukutana kanisani Jumapili kisha siku sita kila mtu akashike njia yake jijini. Mnataka kuhamia shamba la babu yako kule Mlalo, mlime pamoja, mle chungu kimoja, msali asubuhi na jioni, muwe na mfuko mmoja na kuishi maisha ya kiasi. Umeniomba nikuandikie kanuni za kuwaongoza. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuhama. Nami nakujibu kwa uzito uleule uliouliza nao.

Watu watawaambia kwamba mnaiga mambo ya kigeni. Msibishane nao, lakini ninyi wenyewe mjue mnasimama wapi. Milima hii imewaona wengi waliojaribu mnachotaka kujaribu. Hapo Mlalo mnapotaka kukaa ndipo wamisionari wa Kilutheri, Johanssen na Wohlrab, walipoanzisha kituo chao cha kwanza cha Usambara mwaka 1891. Mwaka 1897 wamonaki wa Kitrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini, walifika Gare wakaanza kulima, kujenga na kusali kwa saa. Kule Sakharani, karibu na Soni, Wabenediktini wa Ndanda wanaendesha shamba lao hadi leo. Irente wapo masista wetu wa Kilutheri wanaolea watoto wachanga waliofiwa na mama zao. Ukishuka upande wa Muheza, pale Magila, walifanya kazi masista wa Kianglikana wa shirika lililoanzishwa na Askofu Frank Weston wa Zanzibar mwaka 1911. Na kabla ya hao wote, wazee wetu walilimiana mashamba kwa zamu, na nyumba ya mjane ilijengwa kwa msaragambo bila mtu kudai ujira. Njia mnayoitaka imekwisha kukanyagwa. Mkiwauliza waliopita, watawaonyesha mahali penye utelezi.

Nimelifikiria ombi lako, na kanuni ninayokupa ni moja. Nyingine zote nazitoa ndani yake. Kila jambo mnalotaka kulifanya sheria, lipimeni kwanza kwa yule aliye mnyonge kuliko wote nyumbani mwenu. Mnyonge ni mtoto, na ni mgonjwa. Ni mke aliyeingia kwa sababu mumewe ameingia, ni yule asiye na kisomo kama chenu, ni asiye na fedha ya kuchangia, na ni yule ambaye moyo umeshamtoka, anatamani kuondoka lakini anaona aibu kusema. Sheria ikimlinda huyo, iwekeni. Ikimkandamiza, iacheni, hata kama inaonekana ya kitakatifu namna gani.

Soma tena Matendo ya Mitume. Rasimu yenu imejengwa juu ya sura ya pili na ya nne, pale waamini walipokuwa na vitu vyote shirika. Endeleeni hadi sura ya tano na ya sita, maana ndiko yaliko mafundisho ya uendeshaji. Katika sura ya tano, Petro anamkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla hajaliuza, na hata fedha baada ya kuuza ilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyemlazimisha kutoa. Kosa lake lilikuwa uongo. Katika sura ya sita, ugomvi wa kwanza wa jumuiya ile unazuka juu ya chakula: wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Tazama walichofanya mitume. Hawakuwaambia wajane wavumilie kwa ajili ya umoja. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia mgao, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Waliosahauliwa walipewa watu wa upande wao kushika ufunguo wa ghala. Kama jumuiya iliyoongozwa na mitume wenyewe iliweza kuwasahau wajane, yenu pia itaweza. Basi andikeni mapema ni nani atakayewasikiliza wanaosahauliwa.

Sasa nikueleze ninavyoitumia kanuni hii katika mambo yenyewe.

La kwanza ni hiari. Waulize wazee wa Mlalo habari za matuta. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wake wa kuokoa udongo katika bonde hilohilo la Mlalo, ukaenea Usambara. Kuhifadhi udongo ni jambo jema, kila mwenye macho aliona mvua ilivyokuwa inaubeba. Lakini watu walilazimishwa kupiga matuta kwa amri na faini, na mzigo ukawaelemea zaidi wenye vishamba vidogo. Wakayachukia matuta na aliyeyaleta, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Miaka ya 1980 ulipokuja mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP, watu walifundishwa, wakaona faida, wengi wakapanda wenyewe majani ya mifugo na miti kwa mistari kukatisha mteremko. Udongo ni uleule, mteremko ni uleule. Mkono uliolazimishwa na mkono uliokubali ndiyo iliyotofautiana.

Taifa letu nalo lilipita hapo. Mwalimu Nyerere, Mkristo aliyeipenda misa, aliandika mwaka 1967 kwamba kijiji cha ujamaa kijengwe na watu waliotaka wenyewe. Kule Ruvuma vijana walikuwa wameshaanza kijiji cha Litowa hata kabla ya Azimio la Arusha: wanalima pamoja, wanaamua mambo yao mkutanoni, shule yao inafundisha watoto maisha ya kijiji chao. Chama chao cha maendeleo cha Ruvuma kilivunjwa na Kamati Kuu ya TANU Septemba 1969. Kisha Novemba 1973 ikatoka amri kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia kijijini. Babu yako alikuwa mtu wa ujamaa kwa moyo wake wote, na jambo lililomuuma hadi kufa kwake ni kuona kitu alichokiamini kinaletwa kwa kubomolewa nyumba za watu. Undugu wa kushurutishwa huzaa uadui, na kushurutishwa kunaweza kufanywa kwa maombi na machozi vilevile kama kwa mgambo. Mtu akiambiwa kwamba akikataa kuuza kiwanja chake imani yake ni haba, huyo ameshurutishwa.

Kwa hiyo mlango wa kuingia uwe mwembamba na wa kutokea uwe mpana. Katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya sita na inayofuatwa Sakharani hadi leo, mtu anayekuja hapokelewi kwa haraka. Anajaribiwa karibu mwaka mzima, na katika muda huo anasomewa kanuni yote mara tatu ili ajue anachokiingia. Hata akishapokelewa, nguo alizokuja nazo zinatunzwa stoo, ili akiondoka siku moja asiondoke uchi. Mwenye kanuni ile alipenda watu wadumu, na bado aliweka akiba ya anayetoka. Ninyi mmeandika kurasa mbili juu ya kujiunga, na juu ya kuondoka hamkuandika hata mstari. Andikeni: anayeondoka anarudishiwa kiasi gani cha alichotoa, kwa muda gani, na kwamba hatasemwa vibaya mezani wala kwenye maombi. Mwaka wa kwanza mtu asiuze kitu chochote. Aliye na kazi jijini aombe likizo au aje kwa zamu. Anayeogopa kuondoka kwa sababu hana nauli wala pa kwenda, ni mfungwa.

La pili ni jikoni. Umeniambia kwamba atakuja nanyi yule mama lishe mjane na watoto wake wawili, aliyekuwa akiwapikia karibu na ofisi yenu, naye ndiye mwalimu wenu wa maombi. Nimempenda kabla sijamwona. Lakini katika rasimu yenu nimeona jina lake limeandikwa mbele ya neno "chakula" siku zote saba. Mwanangu, hapana. Kama ninyi wenye digrii mtakuwa mnajadili Maandiko barazani na yeye yuko kwenye moshi, mmehamisha ofisi ya Dar es Salaam mkaileta Mlalo. Benedikto aliagiza ndugu wote wahudumiane jikoni kwa zamu ya wiki moja moja, asisamehewe mtu isipokuwa mgonjwa au mwenye shughuli ya lazima, na mwisho wa wiki anayemaliza zamu afue vitambaa na kukabidhi vyombo safi kwa anayeanza. Wanaume wenu wateke maji kisimani, wapasue kuni, wasonge ugali. Milimani kwetu mwanamke ndiye anayebeba kuni mgongoni kupandisha mteremko. Mkiweza kulibadilisha hilo tu katika nyumba yenu, majirani watauliza ninyi ni watu wa namna gani kabla hamjafungua kinywa kuhubiri.

La tatu ni fedha. Mfuko mmoja ni mzuri kama kila jicho linauona. Hapa hamhitaji kwenda mbali kujifunza, nendeni kwa kina mama wa vikoba. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mwenye sanduku nyumbani kwake hana ufunguo. Fedha inahesabiwa mbele ya wote, kila mtu anakumbushwa salio kwa sauti ili hata asiyesoma alishike kichwani. Fanyeni hivyo. Mfuko usikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kama Danieli. Na kila mtu mzima apewe kiasi kidogo kila mwezi kisichoulizwa matumizi, sawa kwa wote. Mwanamke asilazimike kusimama mbele ya kamati kueleza kwamba anahitaji taulo za kike, na mjane asiombe ruhusa ya kumtumia mama yake elfu kumi.

Juu ya nani atoe nini, kumbuka mnada wetu wa baada ya ibada. Bibi asiye na shilingi analeta yai moja au kabichi mbili, zinaletwa mbele, wenye nacho wanapandishiana bei, na mwisho yai lile linaingiza fedha nyingi kuliko noti ya tajiri. Sadaka ya yule bibi imepokelewa kwa heshima bila mtu kumuuliza kwa nini hana zaidi. Wekeni utaratibu wenu katika roho hiyo. Anayeleta mshahara, anayeleta ujuzi wa kuchonga mbao, na anayeleta nguvu za kulima, wote wawe na kura moja.

La nne ni kazi na ardhi. Nakuomba mlitazame shamba lile kwa macho ya mkulima. Ni zuri, lina chemchemi, lakini ni dogo na ni la mteremko. Vijana wa Litowa jaribio lao la kwanza lilikwama kwa sababu ya chakula kabla hata mambo ya siasa hayajawafikia. Basi anzeni na chakula: mahindi na maharage, ndizi, mboga za kula, ng'ombe mmoja wa maziwa wa kufungiwa ndani ili mpate samadi. Viazi na kabichi za kuuza Lukozi zifuate baadaye, kwa maana mmewahi kuona bei inavyoanguka kila mtu anapovuna wiki moja. Vifaa vitunzwe. Benedikto alisema mtunza stoo avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vya altareni, na mimi naona jembe lililoachwa kwenye mvua linaeleza hali ya jumuiya kuliko wimbo wowote.

Na ardhi ile si yako peke yako, wala si ya baba yako peke yake. Ni ya ukoo. Wapo baba zako wadogo, wapo shangazi zako, yupo binti wa marehemu baba yako mkubwa ambaye hajaulizwa. Keti nao kwanza, mimi nitakuwepo. Mkikubaliana mtumie kwa miaka kumi, yaandikwe, yashuhudiwe kwenye ofisi ya kijiji, na kila upande ukae na nakala. Kama shamba liko ndani ya ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kikundi kuomba haki miliki ya kimila kwa jina la kikundi, lakini msiliombe shamba la ukoo kwa njia hiyo pasipo ridhaa ya ukoo. Jumuiya ya Kikristo haiwezi kuanza kwa kumnyang'anya yatima urithi wake.

La tano ni wagonjwa, na hapa nasema kama mtu aliyekuwa muuguzi maisha yake yote ya kazi. Misheni iliyokuja Mlalo ilifungamana na Bethel ya Ujerumani, pale Bielefeld, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliyeiongoza aliamini kwamba mgonjwa asifichwe, aishi na wengine, awe na kazi ya kufanya na nafasi yake kanisani. Imani hiyo ilifika kwetu. Kule Lutindi, juu ya Korogwe, mwaka 1896 ilijengwa nyumba ya watoto waliookolewa utumwani, na baadaye ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, hadi leo. Ukifika utawakuta wagonjwa wakishika jembe na kazi za mikono pamoja na wanaowahudumia. Watu ambao kwingine walifungwa kamba, pale wanaitwa kwa majina yao.

Kwa hiyo mtu wenu akiugua apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na fedha ya matibabu itengwe kabla ya fedha ya mbegu. Kila mmoja awe na bima ya afya. Dawa na maombi viende pamoja, na asitokee mtu wa kumwambia mwenzake aache dawa ili aonyeshe imani. Akizaliwa kati yenu mtoto mwenye ulemavu, au mmoja akipatwa na huzuni isiyoondoka, msimwone kama mzigo uliokuja kuharibu mpango. Huyo ndiye atakayewaonyesha kama mpango wenyewe ulikuwa wa Kristo. Askofu Weston, aliyefia Hegongo mwaka 1924 akazikwa Magila, mwaka mmoja kabla ya kifo chake aliwaambia Wakristo wa London kwamba wanaomwabudu Yesu altareni wana wajibu wa kutoka wakamtafute kwa walio uchi na wanaonyanyaswa. Altare yenu mtaijenga bila shida. Nataka kuona nani atakaa karibu nayo.

La sita ni uongozi, na hili nakuandikia kwa uchungu. Machi 17, 2000, kule Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa la kundi la Joseph Kibwetere, na miili mingine mingi ikakutwa imezikwa. Walikuwa watu waliotaka kuishi pamoja kwa kumcha Mungu. Waliuza mali zao, wakaagizwa kunyamaza na kuzungumza kwa ishara, wakatengwa na ndugu zao. Mwaka 2023 pale Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za wafuasi wa mhubiri mmoja, wakiwamo watoto wengi. Usiseme ninyi mmesoma, hayawezi kuwapata. Jean Vanier, Mkanada, alianzisha kule Ufaransa mwaka 1964 jumuiya za L'Arche, ambamo watu wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanaishi nyumba moja, na dunia nzima ilimheshimu kama mtakatifu. Alipokwisha kufariki, mwaka 2020 jumuiya yake yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi: aliwadhulumu kingono wanawake waliomwendea kwa ushauri wa kiroho. Nawaheshimu waliotangaza. Walichagua kuwaamini waliodhulumiwa kuliko kulinda jina la mwanzilishi.

Basi hakuna kati yenu atakayekuwa baba wa wote. Kiongozi achaguliwe kwa miaka miwili, akimaliza apumzike. Katika maamuzi makubwa waiteni wote, maana hata Benedikto, aliyempa abate mamlaka makubwa, alitaka wote waulizwe kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Simu zisichukuliwe, ndugu wasizuiwe kutembelea, watoto waende shule ya kijiji pamoja na watoto wengine. Ushauri wa faragha kati ya mwanamume na mwanamke usifanyike mahali pasipoonekana. Bakini kuwa washarika wa kawaida wa usharika wa Mlalo, chini ya mchungaji wenu, mkikaa benchi moja na kina mama wa kwaya. Na chagueni watu wawili wa nje, mmoja akiwa mwanamke, ambao yeyote kati yenu anaweza kuwaendea na malalamiko bila kupitia kwa kiongozi. Kunyamaza kwa ajili ya sala ni kuzuri sana, nami nakutamani. Lakini kimya kinachomzuia mtu kusema ameumizwa hakikutoka kwa Mungu.

La saba ni hayo maisha ya kiasi yenyewe. Mkifika Mlalo mtakuta majirani wanaoishi bila umeme wa uhakika, wanaokula makande asubuhi hadi jioni, na hawakuchagua. Wewe umechagua, na siku ukichoka utarudi Dar es Salaam. Usiuite umaskini wao kuwa ni utajiri wa roho, wala usiwafundishe kuridhika. Kiasi chenu kiwe na faida kwao: mkibana matumizi, kinachobaki kiende kwenye ada ya mtoto wa jirani au nauli ya mama mjamzito kwenda hospitali. Kiasi ambacho hakimfikii mtu mwingine kinabaki kuwa namna ya kujipendezesha. Na msiwe wagumu kwa watoto wenu kwa ajili ya msimamo wenu. Mtoto avae sweta zito, anywe maziwa, apate kalamu na daftari.

La nane ni majirani. Wilaya yetu ina Waislamu wengi, na ukoo wetu wenyewe una kina Hemedi na kina Zaituni, unawajua. Msije mkajenga ngome ya Kikristo juu ya kilima. Msifuge nguruwe pale shambani, hata kama faida yake ni kubwa. Njia inayokwenda kisimani ibaki wazi kwa wote. Msibani mfike mapema mkiwa na jembe la kuchimbia kaburi, na Idi ikifika mpeleke salamu kama watu wanaofurahi kweli. Mgeni atakayebisha hodi mpokeeni kama Kristo mwenyewe, ndivyo wamonaki walivyoagizwa, na wahenga wakaongeza busara yao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kuhusu sala sina mengi, mnajua kuliko mimi. Naomba tu ziwe fupi. Robo saa alfajiri, robo saa jioni, zaburi, somo, kimya kidogo, Baba Yetu. Mama anayenyonyesha aliyeamka mara nne usiku asione haya kulala. Aliyetoka kulima asikemewe akisinzia. Jumapili msifanye kazi kabisa. Ibada ndefu huwapendeza wenye nguvu, na wenye nguvu hawakosi mahali pa kusali.

Sasa nakupa kazi. Rasimu yenu mmeiandika kwa Kiingereza. Iandikeni upya kwa Kiswahili, isizidi kurasa mbili, kisha msomeeni yule mama lishe kwanza, polepole, wengine mkiwa mmenyamaza. Kila asipoelewa, andikeni tena. Kila atakaposema hapa naogopa, futeni au rekebisheni, hata kama ni kipengele mlichokipenda kuliko vyote. Akisharidhika yeye, ndipo mtie sahihi wengine. Kisha njooni wote mwezi wa nane, mkae wiki mbili hapa kwangu na kule shambani, mlime, mpike kwa zamu, mkutane na wazee wa ukoo, mchungaji na mwenyekiti wa kijiji. Mkiona mnaweza, mtaanza vuli kwa kupanda mahindi na maharage. Mkiona hamwezi, hakuna aibu. Mtarudi mkiwa marafiki, na hilo nalo ni tunda.

Mimi nipo nyuma yenu. Nitawapa ng'ombe jike wa kuanzia na madebe mawili ya maharage ya mbegu, na nitakuja kila mwisho wa mwezi kuwaona. Nikifika, kabla ya kumsalimu kiongozi wenu, nitakwenda kumuuliza aliye mdogo kuliko wote humo ndani anaendeleaje. Jibu lake ndilo nitakalolipeleka kwa baba yako.

Mungu awabariki, awape hekima na upendo wa kuvumiliana. Nisalimie wenzako wote, na watoto wa yule mama.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye.